Jibu: Faili ni la kundi zima, lakini anayeandika ni mmoja

Habari za kazi, mwalimu. Umeuliza ni programu gani itawafanya wanafunzi wote waandike, maana ukiwafungulia faili la pamoja la Google Docs, mmoja anaandika na wengine wanamtazama. Nafundisha historia sekondari na zana hizi nazitumia muda mrefu. Usihangaike kubadilisha programu. Badilisha kazi unayowapa.

Swali kama "elezeni sababu za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia" mwanafunzi hodari analimaliza peke yake, na wenzake wanalijua hilo. Wajisumbue kwa lipi? Mimi nafuata mbinu aliyoianzisha mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, wakati shule zilipoanza kuchanganya watoto wa rangi zote na uhasama ukapamba moto madarasani. Kila mtoto alipewa kipande chake cha somo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulielewa lote bila kuwasikiliza wenzake.

Kwenye faili la pamoja mbinu hiyo inakaa vizuri sana. Kundi langu ni la watu watatu au wanne. Mmoja anapewa maelezo ya miungano ya mataifa, mwingine mashindano ya manowari kati ya Uingereza na Ujerumani, mwingine simu za maandishi walizotumiana watawala Julai 1914. Kila mmoja anaandika sehemu yake kwanza. Baada ya hapo ndipo naweka swali ambalo chanzo kimoja hakiwezi kulijibu: ni nani angeweza kuizuia vita, na lini? Hapo wanaanza kuulizana, kwa sababu jibu la mmoja liko kwenye kipande cha mwingine.

Kanuni yangu nyingine, na hii naipenda kuliko zote: hakuna kufuta sentensi ya mwenzako. Unaweka pendekezo au maoni pembeni, unatoa sababu, na mwenye sentensi ndiye anayekubali au kukataa. Programu yenyewe haimzuii mwingine kukubali pendekezo lililo kwenye sentensi isiyo yake, ni wewe wa kulisimamia. Maoni ya "safi sana" siyahesabu. Nataka swali, au kuonyeshwa mahali chanzo kinaposema tofauti. Nimeona wanafunzi wasiofungua mdomo darasani wakitetea sentensi moja kwa hoja tatu mfululizo, na ukiniuliza nimefundisha nini muhula huo, nitakuonyesha mabishano hayo kabla ya insha yenyewe.

Kuhusu alama, fungua historia ya matoleo. Inaonyesha nani aliandika nini na saa ngapi. Waambie mapema kwamba utaiangalia, si haki kuwavizia. Ila usihesabu maneno! Aliyebandika aya tatu dakika ya mwisho ataonekana amefanya kazi kubwa, na aliyerekebisha hoja moja iliyokuwa inabomoa insha nzima ataonekana hakufanya kitu. Wanaotumia kifaa kimoja kwa akaunti moja nao huchanganyika humo, kwa hiyo namwita kila mmoja anieleze kwa mdomo sehemu ambayo hakuiandika yeye. Dakika mbili zinatosha kujua.

Padlet, ukuta wa mtandaoni ambao kila mmoja hubandika ujumbe wake, ni nzuri kwa kukusanya mawazo ya mwanzo, hasa kwa waoga. Washa idhini ya mwalimu, chapisho lisionekane kabla hujalipitisha. Bila hiyo, ukuta usio na majina huharibika haraka, na anayeumizwa huwa ni mtoto yuleyule mnyonge uliyetaka kumsaidia.

Mawili madogo. Kiungo cha kuhariri kisiwe wazi kwa yeyote anayekipata, kiwekee mipaka ya akaunti za darasa. Na kila muhula ukiisha pakua nakala za kazi zao: Google ilifunga Jamboard, ubao wake wa kidijitali, mwishoni mwa 2024, na walimu waliokuwa na masomo yao mle ilibidi wahame.

Hujasema unafundisha somo gani. Niandikie hapa mada yako ya wiki ijayo na idadi ya vifaa mlivyonavyo, tuigawe vipande pamoja.