Feni zinazunguka, skrini nyeusi: kabla hujairudisha bodi Dar

Wa alaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Nimesoma ulivyoeleza, na nimesoma na waliokujibu juu hapo kuwa bodi imekufa, irudishe. Mie nasema subiri kwanza. Umetaja prosesa, yaani ubongo wa mashine, Ryzen 5 5600, mazabodi (ndiyo hiyo bodi) ya B450, RAM, zile kumbukumbu za kufanyia kazi, mbili za GB 8, kadi ya grafiki na pawa saplai ya wati 550, vyote vipya kutoka Kariakoo, ukaviunga mwenyewe nyumbani. Ukibonyeza, taa zinawaka, feni zote zinazunguka, monita inaandika hakuna signali. Kwa dalili hizo, bodi mbovu ndiyo ya mwisho kwenye orodha yangu ya washukiwa. Na kuirudisha si kazi ndogo: gari mpaka Mkoani, meli, halafu boti, kisha unafika dukani unaambiwa "mbona kwetu inawaka?"

Mie naunga na kutengeneza mashine huku Unguja, za maofisi, za maskuli na za vijana wa magemu. Mashine mpya zinazoletwa kwangu kuwa zimekufa, nyingi hazijafa. Ama kuna kitu hakikuingia sawasawa, ama kuna vitu viwili ndani yake havijuani. Yako naishuku hiyo ya pili, lakini tuanze na mepesi ili tuyatoe njiani.

Samahani kwa swali la kitoto: kebo ya monita umeichomeka wapi? 5600 haina grafiki ndani yake. Ile yenye herufi G mwishoni, 5600G, ndiyo inayo. Kwa hiyo tundu ya HDMI iliyopo kwenye bodi, pale juu karibu na USB, ipo tu, haitakuletea kitu maisha. Chomeka chini, kwenye tundu za kadi yenyewe. Kwa wenye Intel, prosesa yenye F mwishoni ni hivyo hivyo. Kuna kijana wa Jang'ombe aliniletea mashine juu ya bodaboda, kaikumbatia kama mtoto mgonjwa, na dawa ikawa kuhamisha kebo tu. Sikumtoza hela, akaninunulia urojo.

Pili, angalia waya wa umeme wa prosesa. Bodi ina tundu mbili za umeme. Ile kubwa ya pini 24 kila mtu anaiona. Ya pili iko juu kabisa kwenye kona ya kushoto, pini 8, na ukishafunga bodi ndani ya kasha mkono hauingii vizuri, ndiyo maana watu wanaiacha. Bila ya hiyo, feni zitazunguka, taa za mapambo zitawaka, na prosesa haina habari. Plagi yake ni ile iliyogawanyika nne na nne, mara nyingi imeandikwa CPU. Iliyogawanyika sita na mbili ni ya kadi ya grafiki, usiilazimishe. Na kadi nayo kama ina tundu ya umeme juu yake, ilishe. Hapo hapo nitie neno moja: kama pawa saplai yako ni ya waya za kuchomoa, tumia waya zilizokuja nayo tu. Upande wa kifaa plagi zinafanana kampuni zote, lakini upande wa pawa saplai kila mmoja kapanga pini anavyotaka. Nimeshaona diski ya SSD imeungua kwa waya wa kuazima.

Tatu, safari. Mzigo wako umevuka bahari, ukapakuliwa, ukapanda gari ya Wete. Ukiwa uliviunga baada ya kufika, hili halikuhusu sana, lakini kwa anayenunua mashine iliyokwisha kuungwa Dar, afungue ubavu kabla hajaiwasha. Kadi nzito inachomoka kwenye tundu yake njiani, inabaki imekaa upande kidogo, kwa macho huoni. Itoe, irudishe mpaka kile kidude cha kuifunga kiseme "ta". RAM nazo hivyo hivyo, na nyingi za sasa zinahitaji kusukumwa kwa nguvu kuliko unavyodhani. Zikiwa mbili na bodi ina tundu nne, ziweke tundu ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ikiwa moja, ya pili.

Sasa tufike kwenye penyewe. Angalia kwenye bodi, mara nyingi ukingo wa kulia karibu na RAM au na ile plagi ya pini 24, kama kuna taa ndogo nne zimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Bodi nyingi zinazo, za bei ya chini baadhi hazina. Ukiwasha, mashine inajikagua kwa zamu: prosesa, kisha RAM, kisha grafiki, kisha diski. Taa itakayowaka ikabaki ndiyo inayokwambia imekwama wapi. Mafundi wengi wanarukia kubadilisha vitu bila ya kuitazama hii taa, na mie sielewi kwa nini, maana ni bure.

Kama taa hakuna, tafuta kispika kidogo cha kuchomeka kwenye pini za bodi zilizoandikwa SPEAKER, kisha fanya hivi: zima, chomoa umeme, toa RAM zote mbili, rudisha umeme, uwashe. Mashine nzima inayokosa RAM inalalamika, ama kwa mlio ama kwa taa ya DRAM. Ikilalamika, furahi, maana aliyelalamika ni prosesa, kwa hiyo yuko hai na bodi inamsikiliza. Hapo shida iko kwenye RAM au kadi, rudisha RAM moja moja ujaribu. Lakini ikikaa kimya kabisa, au taa ya CPU ikabaki inawaka, basi tunarudi kwenye ile shaka yangu.

Bodi za B450 zilitoka mwaka 2018. Prosesa za Ryzen 5000 zilianza kutoka Novemba 2020, na hiyo 5600 yako ikaja Aprili 2022. Tundu ni moja, AM4, prosesa inakaa vizuri kabisa, hakuna kinachogoma kwa mkono. Lakini BIOS, ile programu ya kuiamsha mashine iliyomo kwenye bodi, iliyotiwa kiwandani kabla ya hapo haimjui mgeni huyu, na isipomjua haianzi kazi. Feni zinazunguka kwa sababu feni hazimsubiri mtu. Bodi iliyokaa stoo muda mrefu kabla ya kuuzwa ni mpya kweli, hakuna aliyekudanganya, ila programu iliyomo ndani yake ni ya zamani. Tazama boksi lake: zile zilizotiwa BIOS mpya mara nyingi zimebandikwa kikaratasi kinachosema ziko tayari kwa Ryzen 5000. Kikaratasi kikiwa hakipo, naamini tumempata mwenyewe.

Dawa yake iko namna mbili. Ya kwanza, geuza bodi utazame nyuma, kwenye tundu za USB. Bodi nyingine zina kitufe kidogo, kimeandikwa Flash BIOS au jina la namna hiyo, na tundu moja ya USB imetiwa alama yake. Kama kipo, umeokoka, maana kinafanya kazi hata kama prosesa haijulikani. Ingia tovuti ya kampuni ya bodi, tafuta namba kamili ya bodi yako kama ilivyochapwa juu yake, si inayofanana nayo. Kwenye orodha ya prosesa angalia 5600 inaanzia BIOS ipi, ushushe hiyo au iliyo mpya zaidi. Chukua flashi, ifomati FAT32, tia faili hilo moja tu, ulipe jina ambalo kitabu cha bodi kinataka, maana hapo kila kampuni ina lake. Unganisha pini 24 na pini 8, washa swichi ya pawa saplai nyuma lakini usiwashe mashine, chomeka flashi kwenye tundu yake, shikilia kitufe mpaka taa ianze kuchezacheza. Kisha kaa mbali nayo. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, na taa ikiacha kucheza kwa utaratibu wake ndiyo imemaliza. Ikizimika baada ya kuwaka kidogo tu, faili halikusomwa, rudia kuangalia jina na fomati.

Hapo kwenye kusubiri ndipo pana hatari yetu sisi wa visiwani. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, unaweza kupata bodi iliyokufa kweli safari hii. Pemba mmepata nafuu kubwa tangu waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika 2010 mkaachana na majenereta, lakini kuyumba bado kupo, na huku kwetu vile vile. Azima UPS, kile kiboksi cha betri cha kushikilia umeme ukikatika, hata ya ofisini kwa mtu, uiunge kwa hiyo kazi. Usifanye saa ya magharibi kila nyumba imewasha kila kitu, wala siku ya upepo mkali. Na kabla hujakaa chini, tazama salio la TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla. Msicheke, mtu kaishiwa na yuniti katikati ya kazi kama hiyo.

Kitufe kikiwa hakipo, njia ya pili ni kuazima prosesa ya AM4 ya zamani, Ryzen ya 2000 kwa mfano, ukaitia kwa muda, mashine ikawaka, ukasasisha BIOS kwa ndani, kisha ukarudisha yako. Chake Chake hukosi fundi mwenye moja kwenye droo. Wapo pia mafundi wenye kifaa cha kuandikia chipu ya BIOS moja kwa moja, hao hawahitaji prosesa kabisa. Kuitoa prosesa kuna ufundi wake. AM4 ina pini chini yake, na pesti ya feni ikishakauka inashika kama gundi, ukivuta juu prosesa inang'oka pamoja na feni na pini zinapinda. Zungusha feni kushoto na kulia polepole mpaka iachie, ndiyo uinyanyue.

Kuna aliyeuliza hapo juu kama ni umeme wa nyumbani umeiunguza. Sidhani, maana feni zinazunguka. Lakini kwa faida ya wengine: pawa saplai nyingi za sasa zinapokea volti 100 mpaka 240 zenyewe. Zile za bei poa, na za mashine zilizotumika zinazoshuka kwenye makontena, baadhi zina swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Ikiwa imekaa 115 na ukachomeka, utasikia mlio mmoja na harufu, na basi. Tazama kabla.

Kama BIOS si tatizo, yaani boksi lina kikaratasi au umeshasasisha na bado giza, iondoe bodi ndani ya kasha. Iweke juu ya boksi lake la kadibodi, si juu ya meza ya chuma wala juu ya ule mfuko wake unaong'aa. Unga prosesa na feni yake, RAM moja tundu ya pili, kadi, plagi mbili za umeme, monita. Hakuna diski, hakuna USB, hakuna waya za mbele za kasha. Kuiwasha, gusanisha kwa ncha ya bisibisi zile pini mbili za PWR, za waya wa kitufe cha kuwashia, mara moja tu. Ikileta picha, mchawi yuko ndani ya kasha: mara nyingi ni kile kinguzo cha shaba cha kufungia skurubu kilichobaki mahali ambapo bodi haina tundu, kinaigusa kwa chini na kuleta shoti. Isipoleta, chomoa umeme, toa betri ile ya duara ya CR2032, gusanisha tena zile pini za PWR kidogo, ngoja dakika chache, rudisha, ujaribu tena.

Wenye mashine za DDR5, RAM za kizazi kipya zaidi, wasinifuate kwa pupa. Hizo zikiwashwa mara ya kwanza zinaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa zikiizoea RAM. Acheni zimalize.

Na ikileta picha halafu ikaandika haikuona diski ya kuanzia, usirudi hapa na uzi mwingine. SSD mpya ni tupu, inangoja utie Windows au Linux kwa flashi. Ingia BIOS, ukiiona jina la SSD pale, kila kitu kiko sawa.

Ukimaliza yote haya, taa ya CPU imeganda, na BIOS una hakika ni mpya, hapo sawa, rudisha. Usipeleke bodi peke yake, wapelekee bodi, prosesa na RAM, waviwashe mbele ya mtu wako wa Dar kabla hajaondoka dukani. Prosesa irudi kwenye kile kiplastiki chake, isisafiri ndani ya bodi na feni juu.

Lakini kabla ya hayo yote, niandikie hapa namba kamili iliyochapwa kwenye bodi na taa iliyobaki inawaka. Nitakwambia kama kitufe kipo na unahitaji faili lipi.