Jibu: Wanagenzi wanabishana na mteja mwenye sonona

Salaam mkuu. Nimekusoma: wanagenzi wako wa tiba ya utambuzi na tabia (CBT) wanaijua fomu ya kurekodi fikra, ile ambayo mteja anaandika tukio, wazo lililomjia na hisia zake, ila wakikaa na mteja mwenye sonona (depression) kikao kinageuka ubishi.

Kwanza sikiliza rekodi ya kikao kizima (kwa ridhaa ya mteja), usitegemee wanavyokusimulia. Kila mtu husimulia kikao chake vizuri. Angalia maswali ni mangapi na mahubiri ni mangapi. Mteja akisema "sifai kitu", wengi hukimbilia "hapana, unafaa sana!" Wangu nawazoeza waulize, "Wazo hilo lilikujia ukiwa unafanya nini?" kisha wanyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Tunaigiza hapohapo, mimi nikiwa mteja mkaidi, mpaka swali litoke bila kuchungulia karatasi.

Halafu ukali wa sonona. Kwa mteja ambaye hata kuoga kunamshinda, fomu ikae pembeni, waanze na ratiba ya vitendo vidogo vya siku.

Kupima umahiri wa mwanagenzi, ipo mizani ya Young na Beck ya 1980 (Cognitive Therapy Scale): vipengele 11, kila kimoja 0 hadi 6, na alama 40 ndiyo hutumika sana kama kiwango cha kufuzu.

Upande wa bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) nawaachia waliofundisha huko, mimi uzoefu wangu ni sonona.