Steringi wa Runinga Akikamata Kibaka, Kesi Inasimama?

SWALI: Wanangu hawabanduki kwenye runinga anapotokea yule shujaa wa kinyago anayewavunja wezi mikono na kuwaacha wamefungwa kamba mlangoni mwa polisi. Mkubwa amejiunga na ulinzi shirikishi wa mtaa, na anasema wao wafanye vilevile. Sheria inasemaje? – Mama, Pasua, Moshi.

JIBU: Mama, kukamata si kosa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda baadhi ya makosa mbele ya macho yake. Ila atumie nguvu ya kumzuia asitoroke tu, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Steringi anayemvunja mkono mtu aliyekwisha kulala chini ameshageuka mshtakiwa.

Kinyago nacho huua kesi. Shahidi huapa, hutaja jina lake, halafu huulizwa maswali na upande wa pili. Kikaratasi kilichobandikwa kifuani mwa mwizi hakiulizwi kitu. Waandishi wa Batman ya runinga ya mwaka 1966 walilijua hili: katika kipindi cha kwanza kabisa mhalifu aitwaye Riddler anamshtaki Batman kwa kumkamata isivyo halali, anadai dola milioni 1, na hofu kubwa ya Batman ni kulazimika kujitambulisha mahakamani. Na kukiri kwa mtu aliyening'inizwa ghorofani? Mahakama hutaka maungamo ya hiari.

Kwa hiyo kijana akimdaka mtu aliyepora simu pale stendi, apige 112 na amwite mwenyekiti wa mtaa. Simu iliyoporwa ishikwe na mtu mmoja tu mpaka kituoni, naye aandike saa na mahali. Hapa ndipo kesi nyingi hulegea: simu inapita mikono sita, kila mtu anaibonyeza, kisha hakuna awezaye kuapa kwamba ndiyo ile ile. Aliyeona kwa macho aende kuandikisha maelezo siku hiyohiyo, kwa jina lake halisi.

Kinachotuuma zaidi ni hiki. Kwenye runinga kamera imekuonyesha mwizi akiiba, kwa hiyo una hakika. Mtaani unasikia tu "mwizi!" na unakuta watu wameshaanza kupiga. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Na mtu akifa, kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumbana aliyeleta tairi sawa na aliyewasha kiberiti, kwa kuwa walikuwa na nia moja. Mwambie hivyo mwanao, kwa maneno hayohayo.

SWALI: Shujaa akibomoa duka la mtu akimfukuza adui, nani analipa? – Msomaji, Ngarenaro, Arusha.

JIBU: Kwa sheria zetu, mwenye duka angefungua madai ya fidia ndani ya miaka 3. Lakini hati ya wito hupelekwa kwa mtu mwenye jina na anwani. Mwenye kinyago hana, na hasara inabaki kwa mwenye duka.