Bumu la Siku 60, Kodi ya Miezi Sita: Majibu kwa Wanandoa Walioko Chuoni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wa aina moja: wameoana, wote wawili bado wanasoma Dar es Salaam, na wamepanga chumba Changanyikeni, Msewe, Makongo au Sinza. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Mimi na mume wangu tuko mwaka wa pili. Kila mmoja ana mkopo wa Bodi ya Mikopo, fungu la chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, hivyo kwa awamu ya siku 60 tunapokea 600,000 kila mmoja. Chumba chetu ni 100,000 kwa mwezi. Ukipiga hesabu tunapaswa kuishi vizuri, lakini wiki ya sita ikifika tunashindia chai kavu. Tunakosea wapi? — Dada wa Msewe

Dada, kosa liko kwenye hesabu ya siku. Mmechukua 1,200,000 mkagawa kwa 60, mkaona mna 20,000 kila siku, mkaanza kuzitumia. Fedha hizo, yaani bumu, huja kwa awamu nne na hufunika siku 240. Mwaka una siku 365. Zile 125 zinazobaki, nyingi zikiwa za likizo ndefu, hazina bumu, lakini mwenye nyumba anadai kodi yake kama kawaida na sufuria inabandikwa kama kawaida.

Kwa kodi yenu, kila awamu igaweni mafungu matatu siku ileile inapoingia, kabla hamjanunua chochote: 300,000 ya kodi, 300,000 ya likizo, na 600,000 ya kuishi. Robo, robo, nusu. Awamu mbili zikikutana, fungu la kodi linakuwa 600,000, yaani miezi sita kamili. Awamu nne zikikutana, fungu la likizo linakuwa 1,200,000, ambalo kwa siku 125 ni 9,600 kwa siku. Na ile nusu ya kuishi ni 10,000 kwa siku kwa watu wawili: chakula, nauli, bando, sabuni, umeme, fotokopi. Inabana, hatuwafichi, lakini inabana sawasawa mwaka mzima.

Mgawo huu hauwezi kukaa kichwani. Mafungu ya kodi na likizo yabaki kwenye akaunti ya benki ambayo haijaunganishwa na simu ya yeyote kati yenu. Kila Jumapili jioni mmoja ahamishie 70,000 kwenye simu moja, basi. Pesa ya wiki ikiisha Ijumaa mnajua mapema, na mnaumia siku mbili badala ya wiki tatu. Dukani na sokoni lipeni kwa lipa namba panapowezekana, maana kutoa vielfu vitano vitano kwa wakala ni kukatwa mara kumi kwa mwezi.

Mipango hii huvunjwa na mambo mawili. La kwanza ni kuchelewa kwa bumu. Likichelewa, azimeni kwenye fungu la likizo, andikeni kiasi kwenye daftari, na awamu ikiingia rudisheni kwanza hicho. La pili ni kutosaini kupokea bumu. Asiyesaini ndani ya muda uliowekwa, fedha zake hurudishwa Bodi, na kuzifuatilia ni kazi. Kwa kuwa mko wawili, kila mmoja awe mlinzi wa tarehe za mwenzake.

Dalali ametuonyesha chumba kizuri Makongo. Mwenye nyumba anataka miezi sita, dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Tukague nini kabla ya kutoa pesa? — Kaka B., mwaka wa kwanza

Kaka, miezi sita si amri ya mbinguni. Mwombeni mwenye nyumba apokee mitatu ya mwanzo, mumweleze tarehe za masomo na lini mtalipa inayofuata. Wengi hukubali wakiona mnaongea kwa mpango. Pesa mpeni yeye mwenyewe mkononi au kwa akaunti yenye jina lake, msimpe dalali, na mkataba uandikwe hata kama ni karatasi moja: kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, nani analipa maji, nani analipa taka.

Kisha nendeni kwenye LUKU. Ombeni namba ya mita, nunueni umeme wa 1,000, halafu soma uniti ulizopata. Zikiwa kama 8, mita iko kwenye tarifa ya matumizi madogo, ambapo uniti moja pamoja na kodi na tozo ni kama 122. Zikiwa kama 2.8, iko kwenye tarifa ya kawaida, kama 356 kwa uniti. Zikiwa pungufu ya hapo, kuna kitu kinakatwa, ama kodi ya jengo ya mwezi huo au deni la mpangaji aliyeondoka. Ulizeni kabla ya kuhamisha godoro. Tarifa ndogo ni ya mita isiyozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo nyumba yenye wapangaji sita kwenye mita moja karibu kila mara mtakuta 356. Hapo ndipo ugomvi wa nani anapiga pasi huanzia. Chumba chenye mita yake peke yake kinastahili kuongezwa hata 10,000 ya kodi.

Mwisho, fungueni bomba, na rudini jioni moja mkatazame barabara kuna mwanga kiasi gani mtakapokuwa mnatoka maktaba.

Tunapenda maharage lakini gesi inakwisha, na hatuna friji, hivyo yanachacha. Mtungi wa kilo 6 haumalizi wiki tatu. Tufanyeje? — Wawili wa Changanyikeni

Swali hili lina mambo mengi ndani yake, na humo ndimo pesa zenu zinamopotelea.

Chukueni maharage nusu kilo. Chambua, osha, loweka jioni kwenye lita moja na nusu ya maji hadi asubuhi. Maji ya kulowekea mwageni, yana sehemu ya kile kinachojaza tumbo gesi. Bandika kwa maji mapya, yapite juu ya maharage kama vidole viwili, na dakika 10 za kwanza yachemke kwa nguvu kabisa. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto wa polepole hauiui. Baada ya hapo punguza moto mpaka uone mapovu machache tu yanapanda, funika. Maji yanayochemka kidogo na yanayorukaruka yana joto lilelile. Moto mkubwa baada ya hapo unachemsha hewa ya chumba. Nyanya na ndimu zisiingie kabla hayajaiva, kwa sababu uchachu hufanya ganda likaze, na utakaa na sufuria jikoni hadi usiku. Kama mmeloweka vizuri na bado hayalainiki, ni maharage ya zamani ghalani. Msimlaumu mpishi, badilisheni duka.

Nusu kilo ikiiva inatoa kama kilo moja na robo, sahani sita. Kwa watu wawili ni milo mitatu. Pikeni Jumamosi mchana: mle usiku, mle Jumapili mchana, mmalize Jumapili usiku. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Msiunge yote. Yakishaungwa kwa nazi au kitunguu na nyanya, kwenye joto la Dar yanachacha kabla ya adhuhuri. Pakueni ya mlo mmoja, mkaunge pembeni kwenye sufuria ndogo. Yaliyobaki chukuchuku yachemsheni tena kabla ya kulala, mfuniko ukiwa juu, mzime moto, na msifunue hadi asubuhi. Anayefunua kuonja anaingiza vijidudu kwa kijiko chake. Asubuhi yachemsheni tena vilevile. Mkiona povu jeupe juu au harufu ya uchachu, mwageni bila kujadiliana.

Wali usiufanyie hivyo. Wali uliolala nje ya friji unaweza kuwa na sumu ya vimelea ambayo kupasha moto hakuiondoi, hata kama unanukia vizuri. Mchele mpime wa kumalizwa: nusu kilo ni milo miwili ya watu wawili, robo kila mlo. Unga wa ugali, kwa wanaoshiba kweli, ni robo kilo kwa mtu. Dona nunueni ya wiki mbili, si ya mwezi, kwa kuwa imesagwa na kiini chake chenye mafuta na huanza kuwa chungu. Sembe inavumilia zaidi. Nafaka nendeni Tandale mara moja kila awamu, mkiungana na wanandoa wengine wawili mgawane gunia la mchele. Kwa Mangi, yaani duka la mtaani, nunueni chumvi na kiberiti tu. Mafuta ya kupima kila siku ndiyo mafuta ghali kuliko yote. Chukueni ya lita moja au mbili.

Dagaa wa Mwanza wengi wana mchanga kwa sababu huanikwa chini. Toa vichwa, wamwagie maji ya moto, wasugue kwa vidole, suuza mara tatu mpaka mchanga usionekane chini ya bakuli, kisha wakauke kabla ya kuingia kwenye mafuta. Wakiingia wakiwa na maji wanavurugika na kunywa mafuta yote.

Sasa mtungi. Kwenye shingo au mshikio wake kumeandikwa uzito wa mtungi mtupu. Siku ya kubadilisha mwambie muuzaji aupime mbele yako: uzito huo ukiongeza kilo 6, ndiyo halali yako. Muuzaji asiye na mzani, tafuta mwingine. Nyumbani paka povu la sabuni pale jiko linapokutana na mtungi. Mapovu yakivimba, mpira mdogo wa ndani ya valvu umechoka, na ubadilishwe na fundi kabla ya kuwasha tena. Moto wa njano unaopaka sufuria masizi maana yake matundu ya jiko yameziba. Yazibueni kwa sindano jiko likiwa limepoa na gesi imefungwa.

Mkiweza kuchangisha zawadi moja tu kwa ndugu, ombeni jiko la umeme la presha. La wati 1,000 likipika maharage yaliyolowekwa halifiki uniti moja, kwa kuwa hujikata lenyewe likishapata joto. Hata kwa tarifa ya kawaida ni chini ya 356. Gesi ibaki ya chai na kuunga.

Mume wangu alikopa 100,000 kwenye programu ya simu, wiki mbili baadaye wanataka 130,000, na wameanza kutuma ujumbe kwa shangazi zake. — Asiyetaka jina

Pole sana, dada. Lipeni mara moja kwa kuazima kwa mtu mnayemfahamu, mpate uthibitisho wa malipo, kisha ingieni kwenye mipangilio ya simu mwondoe ruhusa ya programu hiyo kusoma majina, picha na ujumbe, ndipo muifute. Ukiifuta kwanza, deni linabaki na ushahidi wako wa malipo unapotea. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za kukopesha zisizo na kibali, angalieni kama hiyo imo. Na shangazi hao wapigiwe simu na mume mwenyewe leo, wausikie ukweli kwake.

Wazazi wa pande zote wanaomba tutume chochote. Tukikataa tunaitwa wabahili. — Kaka wa Sinza

Wekeni kiasi kimoja kwa awamu, sawa kwa pande zote mbili, mkitume siku bumu linapoingia. Hata 20,000 kila upande inajulikana na kuheshimika ikija bila kuombwa. Na kwa mama mkwe simu ipigwe na mwanawe. Asiachiwe mke kusema "hatuna".

Tunataka kuchelewesha mtoto hadi tumalize, imebaki miaka miwili. Tunaogopa gharama. — Dada N.

Nendeni pamoja kwenye zahanati au kituo cha afya cha serikali, kitengo cha uzazi wa mpango. Huduma hii hutolewa bure. Kwa miaka miwili wengi huchagua kijiti cha mkononi, kinachokaa miaka mitatu hadi mitano kutegemea aina na hutolewa wakati wowote mkibadili nia. Uwezo wa kushika mimba hurudi haraka kikishatolewa. Sindano ya miezi mitatu ni rahisi kuanza, lakini mtihani na msongo vikiingia tarehe husahaulika, na kurudi kwa hedhi kunaweza kuchukua miezi kadhaa baada ya kuacha.

Kinachowafanya wengi wakikimbie kijiti ni damu kutoka bila mpangilio miezi ya mwanzo: leo matone, wiki ijayo hakuna, kisha siku kumi mfululizo. Mara nyingi hutulia yenyewe. Mume aelezwe hilo na mhudumu mkiwa wote wawili chumbani, ili asidhani mke anaumwa au kuna jambo. Kama damu inajaza pedi kila saa, au mnapata maumivu makali ya tumbo, rudini kituoni siku hiyohiyo. Tarehe ya kukitoa iandikeni kwenye kadi, na muipige picha kwa simu zote mbili.