Mpiga picha wa harusi: omba uone kazi ya usiku

Dada, umeuliza umchukue yupi kati ya wapiga picha wawili wa harusi. Usiamue kwa kurasa zao za Instagram. Pale kila mtu anaweka zile kali tu. Omba uone harusi moja nzima, hasa ya ukumbini usiku. Zile taa za zambarau ndizo zinazowaumbua: uso wa bibi harusi unageuka bluu, shela halionekani. Halafu muulize kama atakuja mwenyewe. Niliyemlipa mimi alituma kijana wake, betri ikazima wakati wa keki, mama hana hata picha moja akilishwa. Tarehe ya kukabidhi albamu iandikwe kwenye mkataba, na usimalizie hela kabla hujaishika mkononi. Na yule kati yao anayetaka laki nane anapunguza bei, jaribu.