Jibu: Kuwafundisha twisheni wanafunzi wa S1 (kidato cha kwanza Uganda) kabla ya mazoezi ya kufundisha

Dada, umeuliza kama twisheni ya Kiswahili kwa watoto watano wa S1 itakusaidia kabla hujasimama mbele ya darasa zima. Itakusaidia, na pengine kuliko mihadhara. Darasani ukiuliza "mmeelewa?" wote watajibu "ndiyo, mwalimu". Mezani na watoto watano, uongo huo unaonekana usoni.

Mimi nilianza hivyohivyo, Kiswahili, mtaani Kampala. Wiki mbili nilihangaika na ngeli kwa majedwali, watoto wakisinzia. Mwalimu mlezi wangu alikuja, akasikiliza dakika kumi, akaandika ubaoni Kiganda na Kiswahili: omuntu/abantu, mtu/watu, omuti/emiti, mti/miti, ekintu/ebintu, kitu/vitu. Basi! Waganda wale walikuwa na ngeli vinywani tangu utotoni, ila hakuna aliyewaambia. Kama wako ni Waacholi njia hii haikufai, maana lugha yao si ya Kibantu.

Pia sikiliza l na r. Kwa Mganda "kura" hugeuka "kula" kirahisi, na uchaguzi ukawa chakula (tulicheka sana). Usimkemee; mpe jozi za maneno azisome kwa sauti.

Mwombe mlezi wako akuangalie ukifundisha, nawe umwangalie yeye. Daftari la makosa yao ni muhimu kuliko andalio la somo, ingawa mkaguzi atalitaka andalio. Mtaala wa sekondari wa Uganda wa 2020 unataka mwanafunzi atende, kwa hiyo wapeleke sokoni wakanunue ndizi kwa Kiswahili.

Hao watano wanatoka wapi?