Skripti haioni kosa, kadi ina mfumo wa juzi

SWALI: Nipo Mtwara mjini, natengeneza kifaa cha kupima unyevu ndani ya ghala la korosho. Kinatumia Raspberry Pi, na Linux yake naijenga kwa Buildroot (zana ya kujenga mfumo wa Linux kwa vifaa vidogo). Niliandika skripti niliyoiambatisha, ya kujenga mfumo na kuunakili kwenye kadi, ili cron (kiendesha kazi kwa saa zilizopangwa) iiendeshe usiku. Asubuhi sioni kosa lolote, lakini kadi inakuwa na mfumo wa zamani. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa limejificha katika mstari huu:

make 2>&1 | tee jenga.log

Amri zinapounganishwa kwa alama ya |, bash, programu inayosoma amri za skripti yako, huangalia matokeo ya ile ya mwisho peke yake. Make, inayojenga mfumo, imeshindwa, lakini tee, inayohifadhi maelezo kwenye faili, imefaulu kuandika maelezo ya kushindwa huko. Kwa hiyo skripti inaendelea kwa amani na kunakili sdcard.img (faili la mfumo mzima wa kadi) iliyobaki katika output/images tangu ujenzi wa juzi, kwa kuwa ujenzi unaokwama njiani hauifuti. Weka set -eo pipefail mwanzoni mwa skripti, ili isimame amri yoyote kati ya zilizounganishwa ikishindwa, na kabla ya make ongeza rm -f output/images/sdcard.img, ili kukosekana kwa faili kukushtue. Vilevile, usiiite skripti kwa sh, ambayo kwenye Ubuntu ni dash, programu nyingine ya kusoma amri, wala si bash.

Nimeona pia kwamba upakuaji na ujenzi unavifanya kwa pamoja. Vitenganishe: endesha make source (upakuaji peke yake) kwanza, intaneti ikiwa imetulia, huku BR2_DL_DIR, mpangilio wa mahali pa kuweka vilivyopakuliwa, ikielekezwa kwenye folda iliyo nje ya Buildroot, baada ya hapo ujenzi hauhitaji mtandao. Umeme ukikatika (na sisi wa Lindi na Mtwara hatuhitaji kuelezwa), make ikianza tena huruka vifurushi vilivyokamilika.

Menuconfig, menyu ya kuchagua mipangilio ya Buildroot, haifai kwa cron, kwani inasubiri mtu abonyeze. Chagua unachotaka mara moja, kisha uhifadhi kwa make savedefconfig BR2_DEFCONFIG=/home/kazi/ghala_defconfig; skripti itaurudisha uchaguzi huo kwa make defconfig pamoja na BR2_DEFCONFIG ileile.

Mwisho, katika skripti ya BR2_ROOTFS_POST_BUILD_SCRIPT (ambayo Buildroot huiendesha kabla ya kufunga mfumo kuwa faili la kadi, $1 ikiwa folda ya mfumo huo) andika date > "$1/etc/toleo". Kifaa kikishafungwa ghalani, cat /etc/toleo itakuonyesha kinaendesha mfumo wa usiku upi.